Jina Lililotoka Kwenye Maiki

"Nihal, kimbia! Kimbia, mrembo wangu, usigeuke nyuma!"

Banda zima la video pale Kanyenye likaangua kicheko. Nyuma kabisa, ndani ya nikabu, Nihal mwenyewe aliinamisha kichwa haraka.

"Shoga, amekutaja?" binamu yake Sheima alimminya mkono.

"Ulimi umemponyoka. Kwenye gemu yetu ndilo jina alilompa yule msichana anayekimbizwa."

Aliyeshika maiki alikuwa Salmini, mtafsiri wa filamu anayependwa kuliko wote Tabora mjini, na mpenzi wa Nihal wa siri. Filamu ya alasiri hiyo ilitengenezwa kutokana na gemu waliyokuwa wakiicheza wawili kwa simu, kila mtu kwao. Na tusimung'unye maneno, ilikuwa mbovu. Kwenye gemu roho inakaa mkononi, ukikosea binti anakufa na mwenye kosa ni wewe. Hawa wa filamu wakaja na vichekesho, na majitu yasiyotisha hata mtoto.

"Wameiua gemu yetu!" mtazamaji mmoja alilalamika.

"Salmini, tupe utamu wa kwenye simu bwana!"

Naye akawapa. Akaachana na maneno ya wazungu, akawasimulia gemu kama anavyoicheza mwenyewe. Hapo ndipo jina lilipochomoka.

Mtu wa kanzu akasimama mstari wa mbele. Nihal alipomtambua, alijibanza nyuma ya binamu yake.

"Sheima, nimekwisha. Humaid yule!"

Humaid ni kaka yake mkubwa, mkono wa kulia wa baba yao, Mzee Alamin, mwenye duka la asali Mtendeni. Mzee alikuwa na posa ya Nihal mkononi, ya mtu mwingine, na Ijumaa ilikuwa siku ya kujibu. Nihal alikwisha kumlilia Salmini alete mshenga, kila siku anaambiwa subiri.

"Simamisha hiyo picha," Humaid alisema.

Picha ikasimama.

"Nihal ni nani?"

"Ni... ni jina tu, kaka yangu. La kwenye gemu."

"Kwa hiyo humjui Nihal, binti wa Mzee Alamin?"

Sema unanijua, Nihal aliomba moyoni. Sema, Salmini, litakalokuwa na liwe.

"Simjui. Hata nikipishana naye njiani simjui. Wallahi!"

Kiapo kikatoka kwenye spika zote mbili, kikasikika mpaka barabarani.

"Tutoke, hajatuona," Sheima alinong'ona.

Nihal alitazama mlango. Alimwogopa kaka yake, alimwogopa baba, aliogopa macho ya watu wote wale. Hata hivyo alisimama, akafunua nikabu.

"Kaka, mimi hapa. Ananijua. Huu mwaka wa pili ananijua."

Maiki ikamponyoka Salmini. Humaid akapita katikati ya mabenchi, taratibu, mpaka mbele ya dada yake. Nihal akafumba macho akingoja kofi.

"Mama alishajua, na alishamweleza baba kila kitu," Humaid alisema kwa upole. "Ile posa nyingine baba ameamua kuikataa. Amenituma nimwambie huyu kijana alete mshenga wake Ijumaa. Nikasema kabla sijafikisha ujumbe, nimsikie kwa kinywa chake."

"Shemeji!" Salmini alikuja mbio, jasho linamtiririka. "Niliogopa, shemeji yangu! Nihal, nilikuwa nakulinda!"

"Unanilinda na kaka yangu?"

"Nilidhani atanipiga."

"Hata mimi nilidhani atanipiga, Salmini. Na nimesimama."

Nihal akamshika Sheima mkono, wakatoka nje pamoja na Humaid.

Walikuwa hawajafika mbali simu ya Nihal ilipolia.

*Nihal nisamehe. Namtuma mjomba Ijumaa. Niliogopa tu mpenzi wangu.*

Akaisoma, akaisoma tena. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nimwambie nini baba?" Humaid aliuliza.

"Mwambie mshenga asije."

"Fikiri kwanza, mdogo wangu. Hasira hasara."

"Sina hasira, kaka. Nina woga wa kukanwa tena. Nikiolewa na mtu yule, nitaishi na woga huu mpaka nife."

Akashusha nikabu yake, akalia humo ndani mpaka nyumbani Mtendeni.