Arobaini ya Ilwad

Mdogo wangu Ilwad alihamia mtaa ule siku ya Jumamosi, na mimi ndiye niliyempangia vyombo jikoni. Ni nyumba za kupangisha nje kidogo ya Garissa, zina ukuta, mlinzi, bembea za watoto na madrasa hatua chache. Ilwad alikuwa ameshazika watoto wawili. Huyu wa tatu alitaka azaliwe mahali penye kelele za watoto. Mumewe Hared, dereva wa lori la Mandera, akalipa kodi bila kuuliza kwa nini nyumba nzuri vile ilikuwa tupu.

Akazaliwa msichana, tukamwita Siham. Kwetu mzazi hatoki nje siku arobaini. Anakaa ndani anafukizwa, halafu siku ya mwisho wanawake humtoa kwa nyimbo na chakula. Mama yetu ni marehemu, kwa hiyo nilikuja mimi kutoka Modogashe kumtunza.

Mtoto alikataa ziwa. Maziwa yakimtiririka Ilwad hadi kwenye dera, analia, na Siham amelala tumbo limejaa. Nikamtania kwamba bintiye ananyonya ndotoni. Nikampeleka mtoto kliniki, wakampima wakatusifu.

Wiki ya nne, saa nane mchana, nikasikia mtu anabembeleza chumbani. Ilwad alikuwa bafuni, namsikia akimwaga maji. Nikafungua mlango. Mtoto peke yake, anatabasamu akitazama juu. Godoro limebonyea kando yake. Kidevuni ana tone la maziwa, bado la moto.

Siku ya thelathini na tisa alikuja jirani, Jawahir. Alikataa kuvuka kizingiti. Akanieleza habari za mpangaji aliyetutangulia, Osob. Mtoto wake alikufa ana wiki moja. Yeye mwenyewe alifuata siku ya thelathini na tisa, hakuwahi kutolewa.

"Hiyo mama inangoja siku yake ya kutoka," akanong'ona. "Abaayo, dada yangu, toa mtoto leo. Kesho itatoka na yeye."

Niliogopa, sikatai. Lakini mbuzi wawili walikuwa wamefungwa uani, na wanawake wa ukoo walikuwa njiani. Mzazi atolewe kabla ya arobaini, watu waseme nini? Nikamwambia Jawahir asituletee kisirani. Ilwad sikumwambia neno. Mungu anisamehe.

Kesho yake alasiri nyimbo zikaanza. Ilwad amevaa dera jipya, anacheka. Nilikuwa nimeisahau sauti ya kicheko chake. Akatangulia mlangoni, Siham mikononi. Akavuka kizingiti.

Mtoto akacheka kwa sauti. Mtoto wa siku arobaini hacheki vile. Akageuza uso upande usio na mtu. Akanyoosha mikono. Akalegea.

Ilwad alitembea hatua tatu zaidi, bado anaimba.

Jioni tuliuosha mwili wa Siham uani, mimi na Jawahir. Kifundoni mwa mkono wa kushoto tulikuta uzi mweusi wenye kipande cha manemane, ule ambao mama kwetu humfunga mwanawe kumkinga na kijicho.

"Nani alimfunga?" Ilwad akauliza kutoka mlangoni.

Niliukata kwa wembe. Chini yake ngozi ilikuwa na mstari mweupe, kama uzi umevaliwa tangu siku ya kuzaliwa. Na mimi nilimwogesha mtoto yule kila asubuhi, kwa mikono hii, wala sikuwahi kuuona uzi ule.