Mshumaa wa Shamirah

Rafiki yangu Shamirah, wa hapa Namuwongo, alikuwa na mpenzi wa kwenye simu, Nasif, aliyesema yuko Gulu. Hawakuwahi kuonana. Jioni moja ya mvua umeme ulikatika, akaja dukani kwangu kununua mshumaa. Nyumba alikuwa ameifunga kwa kufuli, na sufuria ameitega chini ya bati linalovuja.

Akamtumia Nasif ujumbe wa sauti, analia: "Nimechoka kukaa peke yangu. Njoo basi, nakuomba."

Jibu lilikuja palepale. Kwanza tulisikia matone yakidondoka kwenye sufuria, ti, ti, ti. Kisha Nasif akanong'ona: "Mshumaa wa nini, mpenzi? Giza la humu nimeshalizoea."

Nilimshika mkono. "Shamirah, usirudi!"

Akanirudishia mshumaa, akatoa ufunguo, akaenda nyumbani.