Kiota cha Ng'ambo ya Mtaro

Tangu Machi, utaratibu wa Jildau kila Jumamosi ulikuwa mmoja: chai, mkate mweusi na jibini, buti za mpira, kisha mashambani na upondo mrefu wa babu yake, Gosse, begani. Akifika mtaroni aliuchomeka upondo katikati ya maji, akajirusha, akatua ng'ambo. Alitafuta viota vya vitwitwi, ndege wenye vishungi wanaotaga chini majanini. Kando ya kila kiota alisimika vijiti viwili, ili mwenye mashine ya kukata nyasi akizunguke, kisha akaandika daftarini.

Mwezi Aprili upondo uliteleza, akatumbukia mtaroni hadi shingoni. Hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo mtaro mpana ulimtia hofu, na kuhusu shamba la ng'ambo akawa anaandika wiki baada ya wiki: "Hakuna kiota."

Uongo una tabia mbaya: ukishaingia ndani yake, mlango unafungwa kwa nje. Babu alimsifu kwa majirani, na kila sifa ilizidi kumbana.

Mwishoni mwa Mei, Mzee Wobbe mwenye shamba alikuja kusoma daftari.

"Ng'ambo hakuna kitu?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi kesho saa mbili naanzia huko kukata nyasi. Wewe sikuulizi mara mbili, wewe ni Gosse mtupu, umekosa masharubu tu."

Asubuhi mkate ulibaki mezani. Dirishani Jildau aliwaona vitwitwi wakizunguka juu ya shamba la ng'ambo, wakilia. Ndege hao hawalii hivyo bure. Akisema, Babu atauchukua upondo wake, na kijiji kizima kitajua. Akinyamaza, makinda watakatwa pamoja na nyasi. Mashine ikaanza kunguruma.

Alikimbia hadi mtaroni na upondo wake, lakini miguu ilikataa kuruka. Akavua koti, akalipunga mpaka Mzee Wobbe akazima injini.

"Sikuangalia huko!" alipaza sauti. "Niliandika uongo!"

"Unasemaje? Sisikii."

Ikabidi arudie. Alipogeuka, Babu alikuwa amesimama nyuma yake.

"Niliogopa mtaro, Babu," alisema huku akilia.

"Si ungepita darajani, nyuma ya zizi?" Mzee Wobbe aliuliza kutoka ng'ambo. "Mimi mwenyewe sijaruka mtaro tangu nioe."

Wakazunguka kwa daraja. Hatua tatu mbele ya magurudumu walikuta kiota chenye mayai manne, moja limeanza kupasuka. Nyuma ya mashine, kwenye nyasi zilizokwisha kukatwa, kulikuwa na kiota kingine. Babu aliokota maganda ya mayai yaliyovunjika, akayaweka kiganjani mwa Jildau.

"Kuogopa si kosa, mjukuu wangu," alisema. "Ungeandika 'sijaangalia', Wobbe angesubiri, nami ningekuja kuangalia. Lakini uliandika 'hakuna' mahali ambapo hukutazama, na mwenzako akaendesha mashine kwa kuliamini neno lako. Njia ya mwongo ni fupi, ila anayeumia njiani si mwongo peke yake."

Akampa vijiti viwili. Jildau alivisimika kando ya kiota kilichobaki, kisha akaandika: "Ng'ambo: viota viwili. Kimoja kimevunjwa, kwa sababu sikuangalia."

Mzee Wobbe alisoma polepole, akamrudishia daftari.

"Leo ndipo ninaliamini daftari hili," alisema, akaenda kuigeuza mashine ili ikizunguke kiota.