Siri Chini ya Kofia ya Fundi

"Huyu anayekuwaza ni nani?"

Mwalimu aliuliza hivyo akiwa amesimama katikati ya sebule, simu ya mumewe mkononi. Alikuwa amefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini, na sauti yake ilijua kumfikia mtoto wa dawati la nyuma bila kupanda. Mumewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Futi kwa sababu ya futikamba iliyoning'inia shingoni mwake tangu ujana, alikuwa ameketi kwenye kochi, kofia kichwani, akitazama ukuta.

"Nakuuliza wewe, baba watoto."

"Nani?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Sikiliza." Akavaa miwani, akasoma: "'U mzima? Tangu siku ile nakuwaza tu. Bado hujamwambia mkeo? Siri hii itatutia matatani.' Na humu umemwandika Vitambaa. Ni yule mjane wa duka la vitambaa, au kuna Vitambaa mwingine?"

Fundi alipapasa paji la uso. "Ni huyo huyo."

"Na siri yenyewe ni ipi?"

"Nimesahau."

Mwalimu alicheka kicheko kisicho na furaha. Kwa wiki mbili sasa alikuwa akikusanya ushahidi kimya kimya. Mara mbili mumewe alichelewa kurudi, akasema alipotea, kwenye njia aliyoipita miaka ishirini. Alikuwa akiburuta mguu wa kulia kama mlevi, na pombe haonji. Alikuwa amekata koti la bwana harusi likatoka na mikono miwili ya kushoto. Kila asubuhi anashika kichwa, na siku hizi kofia haivui hata mezani. Mwalimu alijumlisha yote hayo, na jibu lake likawa moja tu: mwanamke.

"Umesahau njia, umesahau siri. Na mimi je, umenisahau?"

"Wewe sijakusahau," fundi alisema polepole. "Wewe nakuogopa."

"Mwenye kosa ndiye huogopa."

Fundi alikuwa amesinzia palepale, mdomo wazi, katikati ya ugomvi. Miaka thelathini na mitano ya ndoa walikuwa wamegombana juu ya kila kitu, kuanzia chumvi hadi majina ya watoto, na hata siku moja mwanamume huyu hakuwahi kuliacha neno la mwisho limpite.

Hasira zilimpeleka mwalimu chumbani. Akabonyeza namba ya Vitambaa.

"Afadhali umepiga, Futi," sauti ya mjane ilisema. "Nilidhani umekufa."

"Hajafa. Mimi ni mkewe."

"Shikamoo, mwalimu."

"Sitaki shikamoo yako, nataka siri yenu."

"Kumbe mpaka leo hajakwambia." Mjane alishusha pumzi. "Alianguka, dada yangu. Humu dukani, wiki tatu zilizopita. Alipanda stuli achague jora la juu kabisa, stuli ikateleza, kisogo kikagonga ukingo wa meza. Nikamkanda kwa barafu. Nikamwambia twende hospitali, akakataa. Akasema, 'Mke wangu atauliza nimeangukia wapi. Nikisema ni kwako, tutalazwa wawili.'"

Mwalimu akakaa kitandani.

"Akaniapisha nisiseme," mjane aliendelea. "Anajua hunipendi."

"Ni kweli sikupendi. Endelea."

"Jana alikuja kuchukua kitambaa. Akasimama mlangoni akaniuliza hapa ni wapi. Ndipo nikaandika ule ujumbe."

Mwalimu alirudi sebuleni simu ikiwa sikioni. Akamvua mumewe kofia. Kisogoni, katikati ya mvi, palikuwa na kovu dogo la kahawia, si kubwa kuliko kifungo cha shati.

"Mume wangu. Amka."

Fundi alifumbua macho, akamtazama kama anayemtafuta kwa mbali, kisha akatapika juu ya gauni lake.

"Samahani, mama."

"Litafuliwa. Inuka." Halafu kwa simu: "Wewe, una gari la kubebea mizigo?"

"Nimeshaliwasha, mwalimu."

Walimlaza garini nusu kukaa, katikati ya majora. Njia nzima mwalimu alimshika kidevu kisidondoke, mjane akiendesha.

Hospitalini, daktari alikuwa binti wa rika la mtoto wao wa mwisho. "Anatumia dawa gani?"

"Za moyo. Zile za kuzuia damu isigande."

Daktari alitazamana na muuguzi, akaagiza picha ya kichwa ipigwe mara moja. Aliporudi alikuwa ameishika mkononi.

"Mama, damu imekuwa ikivuja kidogo kidogo kati ya fuvu na ubongo tangu alipoanguka. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Damu ikizidi, ubongo ndio unaobanwa. Kusahau kwake, kutapika, kuburuta mguu, vyote vinatoka hapo."

"Atapona?"

"Tutatoboa tundu dogo tuitoe. Kwanza tuzime nguvu ya ile dawa ya moyo, la sivyo atatoka damu nyingi. Kaa naye. Kitanda tumekiinua upande wa kichwa, kisishushwe, na shingo yake isipinde. Mwongeleshe. Asipoitika, tuite."

Mwalimu akavuta kiti.

"Futi. Ulidhani nitakufanya nini?"

"Ungenuna."

"Ningenuna siku mbili."

"Nne," fundi alisema, macho yamefumba. "Mara ya mwisho zilikuwa nne."

"Basi nne. Heri ninune siku nne kuliko nikuzike." Akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Na mimi nina kosa langu. Nilidhani una mwanamke."

Fundi akaanza kucheka, akajishika kichwa. "Kwa mguu gani? Huu ninaouburuta?"

"Nyamaza, usicheke. Wivu wangu ndio uliokufunga mdomo, najua. Nisamehe, mume wangu."

Kimya.

"Futi? Umenisamehe?"

Kimya kile kile. Akamtikisa bega. "Baba watoto, nijibu. Nitukane basi, ilimradi useme neno."

Muuguzi alifika kwa mbio baada ya kuitwa, akafunua kope, akammulika kwa tochi. Mboni moja ilikuwa pana kama kifungo cha koti, nyingine ndogo. "Hatusubiri tena," alisema, na kitanda kikaondoka, magurudumu yakilia ukumbini.

Mjane alikuwa amekaa mwisho kabisa wa benchi la ukumbini, mkoba magotini.

"Sogea," mwalimu alimwambia. "Huko mwisho utaanguka na wewe."

Mjane akasogea. Baada ya kitambo mwalimu akautafuta mkono wake, akaushika, wala hakuuachia mpaka daktari alipotoka akivua barakoa na kusema damu imetoka yote, na ubongo umeanza kupumua.

Kesho yake saa nne fundi aliamka, kichwa kimefungwa bendeji, mrija mwembamba ukitoka upande wa bendeji.

"Nibane mkono," muuguzi alisema. "Na wa kulia. Vizuri. Huyu mama ni nani?"

Fundi alimtazama mwalimu kwa muda mrefu.

"Huyu? Ni mwalimu mkuu wa nyumba yangu," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Na leo amevaa gauni kinyume. Mshono uko nje."

Mwalimu akajitazama. Kweli lilikuwa kinyume; jana alikuwa amebadili kwa haraka lile lililotapikiwa. Akaweka paji la uso juu ya mkono wa mumewe, akalia kwa mara ya kwanza tangu mkasa uanze.

"Ukijigonga hata kidole, uniambie," alisema. "Popote pale, kwa yeyote yule."

"Na kununa?"

"Nitanuna ukishapona."

Wagonjwa wa kichwa waliruhusiwa mgeni mmoja mmoja, kwa kadi. Alasiri, mwalimu alitoka wodini na kumpa mjane kadi yake.

"Ingia wewe."

"Mimi? Peke yangu?"

"Mgeni ni mmoja, hujasikia? Usimchoshe. Na usimshushie kichwa."

Mjane aliingia. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeufunga mlango nyuma yake. Ndani akasikia mumewe akisema jambo, na mjane akiangua kicheko kikubwa. Mwalimu alirudi kwenye benchi, akavua miwani, akaegemea ukuta, na akapitiwa na usingizi.