Sindano Elfu Tisa za Nungu

Mtambo ulishuka polepole kama bakuli linalofunika sinia, ukamkaa usoni mwalimu mmoja wa hesabu. Ndani ya bakuli lile mna sindano elfu tisa, kila moja nyembamba kuliko unywele wa kope. Kwanza ulimulika mwanga wa buluu. Penye doa, mwanga humezwa. Pasipo doa, hurudi. Kwa njia hiyo jicho-ngozi la mtambo likausoma uso mzima kwa mpigo mmoja: hapa shimo la chunusi, pale doa la jua, na pajini mikunjo miwili ya kukemea watoto wa watu. Kisha sindano zikadunga, tss, mara moja tu. Dawa ya kujaza ikaingia shimoni, ya kufifisha ikaingia kwenye doa, ya kulegeza misuli ikaingia kwenye mikunjo. Mwalimu akainuka, akajitazama kiooni, akarudi darasani kabla ya kengele.

Watu wa Tanga waliuita Nungu kwa ajili ya miiba yake. Vibanda arobaini vilitapakaa jijini, na mtu alikwenda kudungwa uso kama babu zake walivyokwenda kunyoa ndevu. Aliyeliunda lile jicho-ngozi ni mhandisi Siwema Shekivuli, mtoto wa Ngamiani, mkaidi tangu hajaota meno. Aliondoka kwao na miaka kumi na minne kwenda kusoma ng'ambo, akarudi na shahada mbili na kichwa cha mvi.

Basi, mwezi ule wasichana watatu waliochumbiwa walitokwa na mabaka meupe mashavuni baada ya kudungwa. Kampuni ikawajibu wote kwa barua moja: mtambo hauna kosa, ninyi mlipaka mkorogo mkaficha. Chini ya barua palikuwa na saini ya Siwema. Aliitia asubuhi moja, kikombe cha chai mkono wa pili, hata hakurudia kuisoma.

Jumanne mchana, bibi mmoja mfupi akaingia ofisini bila kubisha hodi, nyuma yake msichana aliyejifunika ushungi mpaka puani.

"Siwema ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Shikamoo huijui? Au na yenyewe mmeiachia mashine iwaamkie watu?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, sasa nimepata nafasi ya kukutukana." Akaketi. "Mimi ni Bi Chausiku. Huyu ni mwari wangu, Mwanakombo, mimi ndiye somo yake, ninayemfunda. Alikwenda kwenye nungunungu lenu kuondoa vishimo vya chunusi kabla ya harusi. Mwanangu, waonyeshe."

Msichana akashusha ushungi. Mashavu yalikuwa na mabaka meupe, kama ukuta uliobanduka rangi.

"Barua yako," Bi Chausiku akaendelea, "imesomwa mbele ya wakwe. Wamesema hawaozi mtoto wao kwa muongo anayejichubua. Ijumaa baada ya swala wanakutana kuivunja posa. Mtoto huyu mkorogo hajawahi hata kuunusa!"

Siwema alihisi uso unamwaka. "Dada," akamwambia msichana, "kabla ya kudungwa, ulipaka nini?"

"Mtambo uliniuliza. Nikasema sijapaka kitu."

"Hata kidogo? Hata cha nyumbani?"

Mwanakombo akamtazama somo yake, kisha akainamisha kichwa. "Ya ndani hayasemwi nje."

"Nimemfunza vizuri," akasema Bi Chausiku, lakini sauti ilikuwa imepungua makali.

Hapo Siwema akaiona mikono ya bibi yule iliyokuwa juu ya meza. Kucha zote kumi zilikuwa za manjano. Manjano! Na rangi ya manjano humeza mwanga wa buluu kama mchanga unavyokunywa maji. Jicho-ngozi lisingejua kwamba ule ni urembo uliozama ngozini. Lingeona giza tu, na kwa giza lina amri moja: fifisha.

"Bibi, alikuwa anasingwa kwa manjano?"

"Wewe ulichezwa unyago wapi, hata hujui kwamba bi harusi husingwa siku saba?"

"Sikuchezwa. Niliondoka kabla ya wakati."

"Ndiyo hayo." Bi Chausiku akafyonza meno. "Unatengeneza kitu cha kushika nyuso za wari, na chumba cha mwari hujawahi kukikanyaga."

Siwema akamsogelea. "Nipake mimi," akasema. "Singo ileile, kwa kipimo kilekile."

"Siri yangu hiyo nimeitunza miaka hamsini."

Bibi akamtazama Mwanakombo. Kisha akakunja mikono ya gauni lake. "Lakini siri inayomvunja mwari si siri tena, ni uchawi. Lete kigoda."

Siku tatu, asubuhi na jioni, Bi Chausiku alimsugua yule mhandisi manjano, liwa na vingine ambavyo hapa havitatajwa, huku akimsimanga: "Ngozi kama gome! Ungeletwa mapema ungekuwa na mume." Siwema alicheka, akavumilia.

Alhamisi alasiri akanawa, akamwita mkuu wa kampuni, Dakta Mbaruku, akazifunga sindano kwa kipini cha usalama ili zisidunge, na kujiweka chini ya Nungu. Jumanne, kabla ya kusingwa, jicho lilikuwa limemsoma: madoa daraja la kwanza. Sasa mtambo ukatangaza kwa sauti yake ya upole:

"Madoa daraja la saba. Dawa ya kufifisha, mara nne."

Dakta Mbaruku akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mdogo wangu, lirekebishe jicho usiku huu. Kimyakimya. Kesho hakuna atakayejua."

"Na barua?"

"Barua zimeshakwenda."

"Zimekwenda kwa wakwe wa watu, Dakta."

"Serikali itatufungia!"

"Itufungie." Akaingiza ufunguo wake kwenye ubao wa mitambo, akauzungusha. Jiji zima, Nungu arobaini zikainua bakuli zao juu, zikanyamaza. Foleni zikaanza kulalamika. Siwema akaketi kuandika barua ya pili, na hii aliisoma mara sita kabla ya kutia saini.

Ijumaa akafika kwenye kikao, uso bado wa manjano. Vijana wakachekeana: "Huyu naye anaolewa na nani?" Hakuwajali. Akasimama mbele ya wazee wa upande wa bwana harusi, akasoma barua neno kwa neno: kosa ni la mtambo, jicho nililiunda mimi, na aliyemwita binti huyu muongo ni mimi.

Baba mkubwa wa bwana harusi akakohoa. "Alhamdulillahi. Basi yamekwisha. Nikaha iendelee kesho."

"Hayajaisha."

Mwanakombo alikuwa ametoka nyuma ya pazia bila ushungi, mabaka yake hadharani. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikasimama.

"Mtambo ulinisingizia kwa sababu haunijui. Ninyi, baba, mnanijua tangu ninanyonya. Nikaha itakuwa siku nitakayoitaja mimi, na nitaitaja akija bwana harusi mwenyewe kuniuliza, si kwa kutumwa."

Bwana harusi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akainamisha macho.

Mwanakombo akamgeukia Siwema. "Rangi yangu itarudi?"

"Sijui. Labda mwaka, labda isirudi kabisa. Nitaitafutia dawa mpaka nichoke, na nikichoka nitaanza tena."

"Afadhali umesema sijui." Akajifunga kanga kiunoni. "Wale wenzangu wawili wanakaa wapi? Chukua barua yako. Twende sasa hivi, kabla nao hawajaachwa."