Foleni ya Maaskofu wa Steinmünde

Ijumaa ile, saa kumi na moja na nusu jioni, nilikuwa napanda kilima nyuma ya Cato Manor, hapa Durban, mkononi kopo la vanishi na brashi tatu, nakwenda kumalizia bango la rafiki yangu. Kazi ya nusu saa. Nilimwambia mke wangu Matilda nitarudi kabla ya taarifa ya habari.

Mimi ni Gosbert, mtu wa Bukoba. Kama unaishi Durban umeshasoma kazi zangu bila kunijua. Kila saluni ya Albert Park ambayo herufi zake hazijalala upande, ni mkono wangu. Shule niliishia darasa la sita, la saba nililiona dirishani, lakini herufi zenyewe zinanitii. Nimeandika Kifaransa, nimeandika Kizulu, nimeandika hata Kichina kwenye duka la simu kule Point, na Mchina mwenyewe aliniinamia.

Bango hili lilikuwa la Kijerumani. Parokia moja ya zamani, iliyojengwa na wamisionari waliotoka jimbo la Steinmünde, ilikuwa inatimiza miaka mia moja. Padre akataka ukumbini majina ya maaskofu wote wa jimbo hilo, tangu wa kwanza, miaka elfu na zaidi, mmoja chini ya mwenzake. Burkhard. Adalbero. Gottschalk. Sitini na mmoja. Kila mmoja na mwaka aliokalia kiti, halafu kistari, halafu mwaka alioondoka. Wa mwisho bado yuko hai, kwa hiyo kistari chake unakiacha wazi.

Kazi aliipata Ruphin. Ruphin ni Mkongo wa Uvira. Alifika Durban hana hata soksi, nikampa godoro, nikamfundisha kushika brashi. Miaka kumi na moja sasa, na bado ananiita mukubwa. Alhamisi alikuja kwangu, tukala sahani moja kama ndugu, lakini alikuwa amejishika kidole muda wote na macho yamemwiva.

"Mukubwa, mugongo inanikata," alisema. "Inabakia mistari ya chini na vanishi. Unisaidie. Katikati iko karatasi ya gundi. Usiitoe mupaka umalize."

"Nani kamfundisha mwenzake kazi, wewe au mimi?"

Hakucheka. Ruphin hucheka hata msibani.

Mama Estella, Mzulu mtu mzima anayetunza funguo za parokia, alinifungulia ukumbi akabaki kizingitini.

"Baada ya Gottschalk kiti kilikaa kitupu miaka minane," alininong'oneza kwa Kizulu. "Masista wa zamani walikuwa wanasema kanisa lilipigwa misumari, lakini kila jioni watu walimsikia mtu akibariki ndani."

"Nani huyo?"

"Hawakumwandika."

"Basi leo kapata mwandishi, mama."

Akajifunga shali yake, akaenda zake.

Ndani kulikuwa na mwanga wa kutosha bado. Mistari ya chini ya bango ilikuwa usawa wa magoti, na mchoraji hawezi kuandika huko akiwa amesimama. Ruphin alishaliona hilo. Mbele ya bango aliniwekea kiti kikubwa cha mti mweusi, cha kuchongwa, kimetoka huko huko Ujerumani na meli. Nikamshukuru moyoni. Nikakaa.

Kiti kilikuwa cha moto.

Kama mtu kainuka sasa hivi.

Nikajiambia ni jua la dirishani. Nikaandika wa hamsini na tisa. Nikaandika wa sitini. Ndipo harufu ikaja... nta ya mishumaa, sufu iliyoloa, na chini yake kitu kama jino bovu. Halafu nyuma yangu, sakafuni, viatu.

Shrr.

Vimetulia.

Shrr.

Mlio huo naujua. Nimepanga foleni ya vibali vya kuishi miaka kumi na mitano hapa Durban, tangu alfajiri, mvua na jua. Najua watu wanavyosogea hatua moja moja bila kuinua miguu. Nyuma yangu ilisogea foleni. Ndefu. Sikugeuka. Mimi, Gosbert, niliyewahi kumfukuza mwizi mwenye bastola kwa ngazi ya mbao, sikugeuka.

Kitu kizito, baridi kama chuma, kikagonga mgongo wa kiti. Tok. Tok. Pete.

Na sauti ikasema, Kiswahili kilichonyooka kuliko changu:

"Anayefuata."

Wewe ambaye hujawahi kupanga foleni ya vibali utanicheka. Sisi, neno hilo likitoka dirishani hatufikiri. Ukichelewa kuitika, siku nzima imekwenda na maji. Mdomo uliitika wenyewe.

"Nipo."

Viatu vikanyamaza.

Ile karatasi ya gundi ikajibandua taratibu, ikaning'inia, ikaanguka. Chini ya Gottschalk palikuwa na jina. GOSBERT. Mwaka huu. Kistari. Wazi.

Nikamwaga dawa ya kuyeyusha rangi, nikasugua kwa shati langu. Burkhard akafutika. Adalbero akawa tope. Jina langu halikuguswa. Na ile G yenye mkia uliopinda kushoto naijua, nilimkanya nayo miaka kumi na moja. Ni G ya Ruphin.

Sikumbuki kilima nilivyokishuka. Saa moja na robo nilikuwa Albert Park, ghorofa ya saba, nagonga kwa ngumi. Ruphin alifungua, akaona mkono wangu wa kulia, akakaa chini palepale sakafuni. Kidole changu cha pete kilikuwa kimevimba, na katikati kimebonyea mviringo, kama kilichovuliwa kitu. Chake kilikuwa kimeanza kupona.

"Pardon, mukubwa."

"Sema."

"Nilikuwa napima nafasi ya maandishi. Nikaandika jina yangu na penseli pale peupe, vile ulinifundisha. Nikakaa. Ikaniita, nikaitika." Alikuwa anaongea na magoti yake. "Kesho kutwa yake, nyuma ya kistari ikatokea mbili. Kisha ziro. Kisha mbili. Ilibakia namba moja tu; ikitokea, mwaka inatimia, na mimi nakwisha. Kila magharibi inaniuliza nani anafuata."

"Ukanitaja mimi."

"Haikubali mutu yeyote. Inataka mwenye umekula naye sahani moja nyuma ya kukaa pale kiti. Mwenye anakuamini."

Hapo nikaielewa Alhamisi. Nilimmegea mwenyewe kipande cha samaki kilichonona.

"Nitaandika jina lako nikurudishie."

"Hairudi nyuma, mukubwa. Askofu hakai mara mbili." Akalia. "Niko na watoto watatu. Weye na mama Matilda hamuna mutoto."

Nimetukanwa na polisi, nimetukanwa na wenye nyumba. Hakuna aliyewahi kunipima hivyo, akaniona mwepesi.

Jumapili Mama Estella alinitumia picha ya bango: mbele ya kistari changu, 2. Jumatatu, 0. Jana, 2. Na kila jua likizama sauti inauliza.

Leo jioni Matilda alileta ugali na samaki kwenye sinia moja, kawaida yetu ya miaka ishirini. Kwa siku ya tano nikaomba sahani ya peke yangu.

"Mafua hayajaisha?"

"Bado."

"Hayo ni mafua ya Point," akasema. "Yana nyumba ndogo kabisa, na pazia."

Nikamsogezea sahani tupu. Akanigawia, akaiweka sahani mbele yangu kwa kishindo. Tukala hatutazamani. Nilikuwa natafuna huku nahesabu matonge, nikijisifu kimoyomoyo kwamba leo nayo nimeishinda.

Nje ya mlango, kwenye korido, viatu vikasogea hatua moja.

Matilda akanitazama. Uso ukamlegea. Miaka ishirini, mwanamke huyu hajawahi kununa mpaka mwisho. Akanyoosha mkono kabla sijauona, akamega kwenye sahani yangu, akachovya, akala.

"Haya, tuambukizane," akasema, akicheka kidogo. "Ndiyo ndoa."

Mkono wangu wa kulia ukajikunja wenyewe mezani, vidole vitatu, kama vinavyokaa vikishika brashi kuandika jina.