Sauti ya Mwanaume kwenye Simu ya Amna

Jumapili ile soko la Ruangwa lilifurika. Ufuta ulikuwa umeshatoka mashambani, na watu wa Mbekenyera na Malolo walikuwa wamehamia mjini na kelele zao zote. Amna alijipenyeza katikati yao, gauni la kitenge cha kijani, ushungi mweupe, akasimama mbele ya mashine ya kukamua mafuta ya Mahamudu.

"Kaka, nipimie kikombe kimoja tu."

Mahamudu, mikono ikimng'aa mafuta hadi viwikoni, alicheka. "Kikombe kimoja, dada? Unakaangia kumbikumbi?"

"Nafundishia. Mimi mwalimu wa biolojia, Nachingwea. Kila seli mwilini imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Na ubongo ndiyo usiseme, ukiukausha maji, nusu ya kinachobaki ni mafuta."

"Kumbe miaka yote hii nauza akili!"

"Wewe yako umeiuza yote."

Mahamudu alimpa kikombe bure, akaomba namba. Kuanzia hapo simu hazikukatika. "Mwalimu wangu, umekula?" "Nimekula, muuza akili. Wewe je?" Mwaka haukuisha wakaanza kuzungumzia posa.

Kisha Amna akabadilika. Walipokutana Nachingwea alipepesuka barabarani mchana kweupe, na Mahamudu alipouliza, akasingizia viatu. Simu akawa hapokei. Ukweli ni kwamba miguu ilikuwa ikimfa ganzi na jicho la kulia lilikuwa limeingia ukungu, naye aliogopa kulitamka jambo ambalo hakulijua jina. Akaondoka kwenda kupimwa Dar es Salaam bila kuaga.

Siku ya tisa Mahamudu alipiga, simu ikapokelewa na mwanaume.

"Amna amelala," sauti ile ilisema. "Nimwambie nani kapiga?"

Mahamudu alikata. Akaandika ujumbe mmoja: *Lala salama na huyo bwana wako. Usinitafute tena.* Kisha akaifunga namba ya Amna isimfikie.

Amna hakuweza kuusoma. Macho yote mawili yalikuwa hayaoni herufi tena. Aliyemsomea, akiwa ameketi pembeni ya kitanda cha hospitali, ni kaka yake, Faridi, mwenye sauti ile ile.

"Nimpigie nimweleze?" Faridi aliuliza.

"Mpigie."

Alipiga kwa simu yake mwenyewe. Mahamudu aliitambua sauti neno la kwanza tu, akakata, akaifunga na namba hiyo.

Miezi miwili baadaye Mahamudu alimuoa Fatu, binti mpole wa Malolo aliyetafutiwa na mama yake.

Miezi kadhaa baada ya harusi, alikuwa akipeleka madumu ya mafuta duka moja la Nachingwea alipomwona Amna ng'ambo ya barabara. Alitembea kwa mkongojo, ameshikwa mkono na mwanaume. Mahamudu aliwavamia akiwa na hasira zake zote.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye mimi," Faridi alisema. "Kaka yake, tumbo moja."

Pikipiki zilimpigia honi Mahamudu apishe.

Walimpeleka nyumbani kwao. Kibarazani, Amna alimweleza taratibu, kama anavyoeleza darasani.

"Mishipa ya fahamu imeviringishiwa utando wa mafuta, tabaka juu ya tabaka, kama waya wa umeme na ala yake. Kinga ya mwili wangu inauona utando huo adui, inautafuna. Taarifa zikitoka kichwani zinapotea njiani. Jicho moja limerudi. Miguu, bado."

"Nitakuletea mafuta, Amna. Ufuta safi, kila wiki."

"Ninywe pipa zima, Mahamudu, hayaendi kukaa pale. Dawa zinapunguza kasi tu, hazirudishi kilicholiwa."

Mahamudu alilia bila kujificha. "Dini inaniruhusu. Nikuoe uwe wa pili. Nitakutunza."

"Ungenioa nikiwa mzima?"

"Ningekuoa siku ile ile sokoni!"

"Basi yule uliyemtaka hukumwuliza hata swali moja. Huyu unayemwonea huruma ndiye unayemsikiliza. Nimekusamehe. Kweli kabisa. Lakini sitaingia nyumba ya mwanamke ambaye hajanikosea kitu. Anajua uko hapa?"

"Hapana."

"Nenda kamwambie."

Mahamudu alimpa mkono wa kwaheri. Vidole vya Amna vilikuwa na ganzi. Alilazimika kuangalia ndipo akajua kuwa bado ameshikwa. Akautoa polepole.

Mahamudu alifika Ruangwa jua halijazama. Fatu, mwenye mimba ya miezi minne, alikuwa akipepeta mchele. Mahamudu alimweleza yote, simu, ujumbe, mkongojo, hata ombi la ndoa na jibu lake. Alipomaliza, Fatu aliuweka ungo chini.

"Angekubali," aliuliza, "ungeniambia lini?"

Mahamudu aliinama kuuokota ungo. Fatu akaingia ndani na kufunga mlango.